Patasi Yangu na Mlango wa Mama

Msomaji, ukitaka kujua kwa nini fundi huitisha pesa nyingi, jaribu kutia kitasa mlangoni kwa mkono wako. Mimi nilijaribu nyumbani kwa Mama, Kiptere, kaunti ya Kericho, na Jumamosi hiyo mlango wake wa mbele ulilala bila kufungika, umeegemezewa gunia la mahindi kwa ndani. Mama huishi peke yake. Alinitazama tu, hakusema neno. Afadhali angenigombeza.

Mlango wenyewe ni wa saiprasi, mbao za inchi mbili ambazo zikisharandwa hubaki na unene wa kama milimita 45. Kitasa kile cha kuzama ndani ya ubao kina kisanduku cha unene wa kama milimita 15. Piga hesabu. Ukichimba katikati barabara, kila upande hubakiwa na ukuta wa milimita 15, nao watosha. Ukienda kombo kwa milimita 8, ukuta mmoja hubaki na 7 tu. Hapo ndipo nilipofika mimi.

Sikupiga mstari wa katikati. Nilishika patasi pana na nyundo nikachonga kwa kukisia. Tena ubao ulikuwa umevimba (wenyeji wa Kericho mnaijua mvua yetu ya alasiri), kwa hivyo kitasa kilipokwama nilizidi kupanua shimo. Pigo la mwisho likapasua ukuta kufuata nyuzi za mti, na kipande cha urefu wa kiganja kikaanguka miguuni pangu.

Nilikoroga vumbi la mbao na gundi nikaziba pengo. Jumapili, watu walipotoka kanisani, akapita mzee mmoja seremala wa hapo sokoni.

“Huu ni uji, kijana,” akasema. “Uji hushika rangi. Haushiki skrubu.”

Mzee aling'oa mlango kwenye bawaba, akaulaza juu ya viti viwili. Kwanza alikwangua uji wangu wote. Kisha akakata sehemu iliyopasuka mpaka ikawa na kingo nne zilizonyooka, maanake gundi haishiki palipochanikachanika. Kiraka alikichonga kutoka saiprasi kavu, nyuzi zake zikielekea upande mmoja na za mlango. Hapa ndipo wengi hukosea. Mti huvimba na kusinyaa kwa upana, si kwa urefu. Ukipachika kiraka kilichokingamana na nyuzi, mvua na jua vitakibandua. Alikipitisha randa, akajaribu, akapitisha tena, hadi kikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Na shimo nalo? Aliliziba lote kwa kipande kingine, ili tuanze upya. Akapaka gundi ya mbao, akatandika gazeti kuukuu, akaweka jiwe la Mama la kusagia juu yake.

“Kesho jioni,” akasema. “Usiguse.”

Alinieleza pia kwamba kitako cha bunduki kilichochongwa vibaya hutengenezwa kwa njia iyo hiyo, kwa kiraka, ila huko chuma husukuma mti kwa kishindo kila risasi inapotoka, na pengo dogo laweza kupasua kitako kizima. Silaha nchini Kenya zina sheria yake, Sura ya 114. Aliye na cheti akiona ufa, ampelekee muuza bunduki aliyesajiliwa, asishike patasi. Sisi wengine tuna milango ya kutuaibisha.

Usiku huo nilitandika godoro pale palipokuwa na mlango, rungu kando. Sikulala. Kila mbwa wa jirani alipobweka niliketi, nikawaza jinsi Mama angeusikia mbweko huo akiwa peke yake.

Jumatatu jioni mzee alipiga mistari pande zote mbili, akatoboa matundu kwa keekee, moja chini ya jingine, na patasi nyembamba ikasafisha tu kilichobaki. Bamba la kwenye fremu alilikaza kwa skrubu za inchi tatu. Zile fupi zilizokuja na kitasa alizitia mfukoni.

Mama alifunga kwa ndani, akafungua, akafunga tena. Mimi nilikuwa bado nje, na mvua ilikuwa imeanza.