Wodi za uzazi Pwani zahitaji mazoezi ya kila wiki, si semina

Kila kaunti inapotangaza mafunzo ya wauguzi, picha ni zile zile: ukumbi wa hoteli, bango, vyeti na wakubwa wakipeana mikono. Mimi huuliza swali moja. Miezi mitatu baadaye, mkono wa yule mkunga bado ni mwepesi?

Swali hili ni la uhai. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mtoto asiyelia hukaushwa na kusuguliwa mgongo, na asipopumua hupuliziwa hewa kwa kifaa cha mkono, yote ndani ya dakika ya kwanza. Hapo hakuna nafasi ya kufungua daftari.

Ndiyo maana kuna wanasesere wa mafunzo. Kampuni ya Laerdal ya Norway, iliyokuwa ikitengeneza vichezeo vya watoto, ilitoa Resusci Anne mwaka 1960. Leo ina MamaNatalie: mkufunzi hujifunga tumboni, “huzaa” mtoto bandia, kisha “damu” humwagika ili mwanafunzi ajifunze kuizuia. Akikosea, hakuna anayezikwa.

Lakini mwanasesere si dawa. Katika hospitali ya Haydom, Tanzania, wahudumu walifunzwa kwa siku moja mwaka 2010. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri, ila ndani ya chumba cha kujifungulia huduma haikubadilika. Mwaka uliofuata walianza mazoezi mafupi papo hapo wodini, tena mara kwa mara. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila 1,000. Mwaka 2025, matokeo kutoka hospitali 30 za Tanzania zilizounganisha mazoezi hayo na vifaa bora na ufuatiliaji wa takwimu yalionyesha vifo vya akina mama vimepungua kwa asilimia 75. Haba na haba hujaza kibaba.

Sisi tumegawanyika. Vyuo vya KMTC viko chini ya serikali kuu, nazo hospitali na zahanati ni za kaunti tangu 2013. Mwanafunzi hushika mwanasesere chuoni, kisha anapelekwa zahanati ya kisiwani Lamu au ndani kabisa Tana River, ambako hana cha kufanyia mazoezi wala mwenzake wa kumsahihisha.

Wapo watakaosema wauguzi ni wachache na dawa hazitoshi, tununue vipi wanasesere? Hoja hiyo ina uzito. Mazoezi hayazibi pengo la dawa wala la damu ya kuongezewa. Hata hivyo, mwanasesere mmoja hutumika miaka, na zoezi lenyewe ni la dakika chache kabla ya kubadilishana zamu. Posho na kodi ya ukumbi huliwa siku moja zikaisha.

Kwa hivyo, vikao vya maoni ya bajeti vikifika wadini, twendeni tukamuulize mwakilishi wetu mambo matatu: kila wodi ya uzazi ina mwanasesere? Nani anasimamia zoezi la kila wiki? Daftari la mazoezi hayo liko wapi? Mama zetu na dada zetu wasiwe ndio mwili wa kwanza wa kujifunzia.