Shafti ya usukani haitaki kiraka

Leo naiweka kompyuta kando kidogo nizungumzie gari. Msiondoke lakini, mwishoni tutarudi kwenye programu.

Mjomba wangu ana Datsun 240Z. Kwa waliozaliwa juzi kama mimi, hili ni gari la spoti la Kijapani, milango miwili, injini ya silinda 6 yenye lita 2.4, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 1969. Hapa kwetu lina heshima yake: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo mwaka 1973. Mgeni akifika kwa mjomba husimuliwa hayo kabla chai haijamiminwa.

Mwaka jana usukani wake ulianza kucheza. Unauzungusha kiasi cha vidole viwili na magurudumu bado yamelala. Kwenye barabara mbaya unasikia kok-kok kutoka chini. Fundi wa kwanza akabadilisha tairodi. Wapi! Wa pili akasema ni alaimenti. Wapi! Kila mmoja alilipwa, na kok-kok ikabaki pale pale.

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, kwa sababu ugonjwa huo naujua. Ni sawa na mtu anayebadilisha mistari ya programu ovyo akiomba Mungu hitilafu itoweke. Hakuna aliyepima.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mashine. Usukani wa 240Z hauna msaada wa haidroliki. Nguvu ya mkono wako inashuka kwenye shafti, inapita kwenye krosi (ile jointi inayoruhusu shafti kupinda huku ikizunguka), na kwenye raba ya kuunganishia, kisha inaingia kwenye reki inayosukuma magurudumu. Gari likiwa limesimama chini na injini imezimwa, mtu mmoja anautikisa usukani kidogo kushoto na kulia. Mwingine anashika kila jointi kwa zamu. Ukikuta upande wa juu unasogea na wa chini umetulia, ugonjwa uko hapo katikati. Waandishi wa programu tunafanya hivyo kila siku: anzia katikati, ujue tatizo liko nusu ipi, kisha igawanye nusu hiyo tena.

Mjomba alitikisa, mimi nikashika. Dakika 10 tu. Krosi ilikuwa imelika na raba ilikuwa na nyufa. Tairodi za zamani hazikuwa na kosa lolote!

Fundi wa tatu alikubali kwamba ni krosi, lakini dawa yake ilikuwa hii: "Napiga welding kwenye vikombe vyake, haitacheza tena. Elfu moja mia tano, unaenda zako." Mjomba alifurahi, maana Jumamosi alitaka kuteremka bonde la ufa kwenda Naivasha. Mimi nikakataa. Tukazozana pale gereji mbele ya watu, jambo ambalo kwetu mpwa hamfanyii mjomba wake. "Nyinyi wa kompyuta mnaogopa kila kitu," akaniambia. Niliomba radhi kwa sauti niliyotumia, lakini ufunguo wa gari sikuurudisha.

Nieleze msimamo wangu. Mimi si adui wa jua kali. Kiraka kina mahali pake. Egizosi ikitoboka, piga welding. Kitasa kikikataa, funga waya. Lakini kabla ya kutia kiraka jiulize maswali mawili. Kwanza, kikishindwa, nitapata onyo? Pili, kuna njia nyingine ya kuniokoa? Breki za gari hilo zina mikondo miwili, mmoja ukifa mwingine unabaki. Shafti ya usukani ni moja. Ikiachia kwenye mteremko, umeshika duara la mapambo tu.

Tena welding yenyewe ina madhara. Moto mkali hubadilisha ugumu wa chuma, kikapata udhaifu usiouona kwa macho. Krosi ikikaza, usukani unagoma kurudi wenyewe baada ya kona.

Tulisubiri wiki 5 hadi shafti nzima ya chini ikafika, krosi mpya na raba mpya. Kazi yenyewe ilimaliza asubuhi moja. Kwa atakayeifanya, mambo niliyojifunza ni haya:

1. Nyoosha magurudumu, kisha funga usukani usizunguke. Kwenye magari mapya yenye mfuko wa hewa, usukani ukizunguka huru unaweza kukata waya wa mfuko huo.
2. Tia alama ya rangi kwenye meno ya shafti na mahali inapoingia. Ukikosea jino moja, usukani utakaa upande.
3. Bolti ya kubana usiilegeze tu, itoe kabisa. Mara nyingi hupita kwenye mfereji wa shafti, na ndiyo inayoizuia isichomoke.
4. Usigonge shafti kwa nyundo. Magari mapya yaliyouzwa Marekani kuanzia 1968 yalitakiwa kuwa na usukani unaokunjika katika ajali badala ya kumchoma dereva kifuani. Nyundo inaweza kuharibu kinga hiyo.
5. Tumia nati mpya za kujifunga, zikaze kwa kipimo cha kitabu, kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili kabla ya kwenda barabarani.

Tulipoifungua krosi ya zamani, vile visindano vyake vya chuma vilikuwa vimegeuka unga mwekundu. Kikombe kimoja kilitoka kwa vidole. Mjomba alikitazama muda mrefu, akakitia mfukoni, hakusema neno.

Sasa turudi kwenye programu kama nilivyoahidi. Siku ile gereji sikukataa kwa sababu nina busara. Nilikataa kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kupiga welding. Kazini, mfumo wa malipo ulikuwa ukishindwa mara moja moja. Badala ya kutafuta chanzo, niliandika mistari minne ya kurudia ombi likishindwa. Ikatulia, nikasifiwa. Wiki mbili baadaye tukagundua wateja walikuwa wanakatwa pesa mara mbili. Mmoja alikuwa ameweka karo ya mtoto. Tuliwarudishia wote, lakini siku ile ya kufungua shule haikurudi.

Infiniti walipotoa Q50 mwaka 2013, usukani wa baadhi ya matoleo yake ulitumia waya na kompyuta, na bado waliacha shafti ya chuma ya akiba ndani. Miaka 10 baadaye Tesla Cybertruck ikatoka bila shafti kabisa, waya na kompyuta tu. Maana yake ni kwamba kazi ya ile krosi inahamia mikononi mwetu sisi tunaoandika programu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: jua kwanza kama ni ufa, au ni nguzo.

Mjomba alifika Naivasha salama. Alinipigia simu akiwa huko, akasema usukani umekuwa mwepesi kama wa 1971. Kuhusu yale mabishano ya gereji, bado hatujazungumza.