USIKEMEE SIMU, MSIKILIZE KIJANA

Kijana wa Nyatike aliona Mto Kuja ukivunja kingo 2024. Wa Homa Bay aliona Ziwa Victoria likimeza nyumba za ufuoni. Usiku anaingia TikTok kutafuta mwenye hofu kama yake, kwa sababu nyumbani anaambiwa "omba tu." Nawe mzazi wasema ana pepo wa simu! Pepo gani? Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu, Mungu hakumkemea. Alimlisha, akamwacha alale, kisha akamtuma kazi (1 Wafalme 19). Muulize mtoto ameona nini. Nawe kijana, video haizuii mafuriko. Lala, kesho tupande miti. Mwanzo 2:15 bado ni agizo.

Una kijana nyumbani? Andika AMINA, kisha ukaongee naye leo.