ARABUNI YA GESTI IANDIKWE KWANZA



Fedha ya ushirika wetu, shilingi 80,000, imebaki gesti mjini Tanga, na wajumbe wetu hawakulala huko hata usiku mmoja. Tulipeleka arabuni kwa simu, nusu ya bei ya vyumba 4 kwa siku 2, kila chumba shilingi 20,000. Mkutano ukaahirishwa. Tukampigia mwenye gesti siku tano kabla. Akajibu, "Arabuni hairudi."

Sasa hapa Mwera maneno ni mengi, ati tumeibiwa. Mie nasema tujitazame kwanza. Mwaka jana mchuuzi alitupa arabuni ya nazi, kisha akaghairi. Arabuni tukaila, na nazi zile zile tukamwuzia mwingine. Siku ile tulicheka. Leo sie ndo tunalia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Haki ni ipi? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka aliyevunjiwa mapatano afidiwe hasara aliyoipata. Mwenye gesti naye ana hasara: akikushikia chumba, anamrudisha mteja mwingine. Ukighairi usiku wenyewe, akate. Lakini ukimwambia mapema, na chumba akampa mtu mwingine, huyo kala mara mbili. Na sie kwenye nazi tulikula mara mbili vile vile.

Ipo njia ya tatu. Mwaka 2020, wakati wa Korona, ndege za wageni ziliposimama, hoteli nyingi ziliwasogezea wageni tarehe badala ya kurudisha fedha. Mkutano wetu haukufutwa, umesogezwa tu. Tumwombe mwenye gesti atutunzie arabuni yetu mpaka siku hiyo.

Kosa letu ni kutokuandika. Mie kusoma nimejifunzia ukubwani, darasa la watu wazima, na najua: neno la simu halina shahidi. Toka leo, kabla fedha haijatoka, mweka hazina aulize na aandikiwe:

1. Tukighairi, mwisho wa kutoa taarifa ni siku ngapi kabla?
2. Atakata kiasi gani, atarudisha kiasi gani?
3. Tarehe ikisogea, arabuni itasogea nayo?

Asiyekubali kuandika, tusimpe. Na yule mchuuzi wa nazi tumwite, tumrudishie chake. Tukidai haki Tanga, tuitende kwanza Mwera.

Katibu wa Tawi