Taqlidi ya Mashine na Wajibu wa Madrasa Zetu

Tunamshukuru Allah (S.W.) aliyetujaalia akili na kutuneemesha kwa elimu, na tunamtakia rehma na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na wote walioifuata njia yake. Ama baada ya hayo:

Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwalingania Waislamu waache taqlidi, yaani kumfuata mtu katika jambo la dini bila ya kuijua dalili yake. Tumeyasema hayo katika hotuba, katika darsa na katika kurasa hizi, hata baadhi ya wasomaji wetu wametuchoka. Lakini ipo taqlidi nyingine iliyoingia misikitini mwetu mchana kweupe, nasi hatukuikemea kwa sababu imeingia ikiwa mifukoni mwetu wenyewe.

Tazama saa ya adhana iliyomo katika simu. Wengi wetu tunayo, na wapo maimamu wasiokimu swala mpaka simu ilie. Ni wangapi wanaojua kwamba alfajiri inayotangazwa na programu hiyo imetokana na namba aliyoichagua mtu? Hesabu inayofuata Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu huchukulia kuwa alfajiri imeingia jua linapokuwa nyuzi 18 chini ya upeo wa macho. Hesabu ya Misri huchukua nyuzi 19.5, ile ya Ummul-Qura ya Makka nyuzi 18.5, na ile iliyoenea kwa jina la jumuiya ya Waislamu wa Amerika ya Kaskazini nyuzi 15. Huku kwetu karibu na ikweta jua hutumia dakika 4 na ushei kwa kila nyuzi moja. Basi kati ya nyuzi 15 na 18 pana zaidi ya dakika 12, na katika mwezi wa Ramadhani dakika hizo zinatosha mtu kumaliza daku yake ilhali jirani yake wa safu moja amekwishafunga. Katika alasiri tofauti ni kubwa zaidi. Programu iliyopangwa kwa kauli ya Shafii, Maliki na Hanbali, kwamba kivuli cha kitu kilingane na kitu chenyewe baada ya kuondoa kivuli cha adhuhuri, na programu iliyopangwa kwa kauli mashuhuri ya Mahanafi, kwamba kivuli kiwe mara mbili, zitapishana takriban saa nzima.

Hatusemi kuwa programu hizo ni mbaya. Nyingi zimeandikwa na Waislamu wema wanaotaraji thawabu, na ndani yake mna mahali pa kuchagua hesabu utakayo. Tunachosema ni kwamba mtu anayekataa kumfuata sheikh wa mtaani kwake bila ya dalili, kisha akaifuata namba iliyochaguliwa na kijana asiyemjua katika mji asioujua, huyo hakutoka katika taqlidi. Amebadilisha tu anayemfuata.

Na huyo kijana wa mji mwingine ametuzidi nini? Ametuzidi kwa kujua namna programu inavyotungwa. Hapa ndipo tunapotaka kusema na wanaosimamia shule na madrasa zetu. Aghalabu kile tunachokiita somo la kompyuta ni mafunzo ya miezi mitatu ya kuchapa barua, kupanga majedwali na kupamba kadi za harusi, kisha hutolewa cheti. Kazi hiyo ina manufaa yake na tunamheshimu anayeifanya. Lakini ni kazi ya karani. Anayejua kuchapa tu ameelekezwa vitufe vya kubonyeza, na kitufe kikihamishwa mahali pake inambidi arudi kulipa ada upya.

Msingi wa fani yenyewe ni algorithimu, yaani mfuatano wa hatua zilizo wazi, zenye mwisho, ambazo kila atakayezifuata kwa yale yale atafikia jibu lile lile. Neno hilo limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala baina ya mwaka 813 na 833. Walatini walilitamka jina lake kwa ndimi zao, nalo likageuka kuwa jina la kuhesabu kwa hatua. Karibu kila mhadhara juu ya ustaarabu wa Kiislamu humtaja mwanachuoni huyu, na watu wakapiga takbira. Kisha tunatawanyika, na katika msikiti mzima usimpate kijana mmoja awezaye kuandika mistari kumi ya programu. Fahari ya namna hii hailishi mtu. Tena wahadhiri wetu huliacha jambo lililo muhimu kupita yote: kitabu chake cha al-jabr, alichokitunga takriban mwaka 820, kilikusudiwa kuwasaidia watu katika mirathi, wasia, biashara na kupima ardhi, na sehemu kubwa ya kurasa zake ni masuala ya wasia na mirathi. Elimu hii, kwa hiyo, ilikuwa ikikaa ndani ya fiqhi tangu ilipozaliwa.

Mtoto wa madrasa ana nusu ya somo hili kichwani na hajaambiwa. Anapotawadha hufuata mpangilio, na kwa madhehebu ya Shafii mpangilio huo ni faradhi: asitangulize miguu mbele ya uso. Asipopata maji hutayamamu. Huosha kiungo mara tatu kisha huacha. Mfuatano, sharti na kurudia, hayo ndiyo mambo matatu ambayo programu zote hujengwa juu yake, iwe ya benki au ya ndege. Kadhalika anapotafuta sura katika msahafu uliochapwa Madina, wenye kurasa 604, hafunui ukurasa mmoja mmoja kutoka Al-Fatiha. Hufungua katikati, akaona kama amepita au hajafika, akaiacha nusu isiyomhusu. Akiendelea kugawa nusu kwa nusu hivyo, kufungua mara 10 kunamtosha kuufikia ukurasa wowote. Kitabu kingekuwa na kurasa mara mbili ya hizo, angeongeza mara moja tu, ziwe 11. Mwalimu amwonyeshe pia sharti lake: hila hii inafaa kwa sababu kurasa zimepangwa kwa taratibu. Zichanganye, na hapana njia ila kupekua zote.

Lakini pahala ambapo fani hii ingetufaa zaidi ni katika faraidhi. Tuchukue marehemu aliyeacha shilingi 30,000,000, na gharama za maziko pamoja na madeni yake zikafika 6,000,000. Hakuacha baba wala babu wala wasia. Ameacha mke, mama, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Zimebaki 24,000,000 za kugawanywa. Mke ana thumuni kwa sababu pana watoto, nayo ni 3,000,000. Lau watoto wasingekuwapo angepata robo. Mama ana sudusi, 4,000,000. Zinabaki 17,000,000 kwa watoto, mwanamume akihesabiwa mafungu mawili na mwanamke fungu moja, jumla mafungu matano ya 3,400,000. Kila mwana hupata 6,800,000, na binti 3,400,000. Kila neno "lau" na "kwa sababu" hapo ni sharti la kuandikwa katika programu, na kila hatua ina mahali pake. Kama marehemu angeusia theluthi ya mali, mwandishi aliyeitanguliza wasia mbele ya deni angetoa 10,000,000 badala ya 8,000,000. Hizo milioni mbili angekuwa amewapokonya mjane na mayatima, na mashine isingemwonya, kwa kuwa mashine haijui deni wala yatima. Inajua mstari uliotangulia.

Kisha mwalimu ampe mwanafunzi wake suala la pili. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja, hana mtoto wala mzazi wala babu, na mali iliyobaki ni 42,000,000. Mume ana nusu, 21,000,000. Dada wawili wana theluthi mbili, 28,000,000. Jumla 49,000,000, ilhali mali haifiki huko! Programu ya kijana aliyesoma kompyuta bila ya faraidhi itatoa jibu hilo kwa herufi nzuri za wino mweusi, na wapo watakaoliamini kwa kuwa limetoka katika mashine. Masahaba walilikuta suala kama hili katika zama za Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.), ikapitishwa kauli ya auli, yaani mafungu sita yahesabiwe saba, ingawa Ibn Abbas (R.A.) baadaye alikuwa na rai nyingine. Kwa auli mume hupata 18,000,000 na kila dada 12,000,000. Katika programu ni sharti moja tu la kuongeza: jumla ya mafungu ikizidi kitu kizima, rudi ukagawe kwa jumla hiyo. Ni mstari mmoja, lakini hauandikiki na mtu asiyekaa mbele ya sheikh.

Watatujibu baadhi ya ndugu kwamba hii ni elimu ya dunia, na madrasa ni mahali pa dini. Imamu al-Ghazali katika Ihya yake aliihesabu hesabu miongoni mwa faradhi za kutoshelezana, pamoja na utabibu, akitaja kwamba watu wanaihitajia katika miamala na katika kugawa wasia na mirathi. Mji ukikosa mwenye kuijua, dhambi ni ya wote. Hatuoni ni kwa hoja gani kuhesabu kwa kalamu kuwe faradhi na kuhesabu kwa mashine kuwe upuuzi.

Wengine, hasa vijana, husema jambo lililo gumu zaidi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea mashine za akili mnemba ambazo ukiziomba programu hukuandikia papo hapo. Ya nini basi kujisumbua? Tunawaomba waitazame tena hesabu ya 49,000,000. Mashine ikikuandikia programu ya mirathi, nani atakayejua kwamba sharti la auli limo au halimo? Ni yule tu anayeweza kuisoma mstari kwa mstari. Asiyeweza atakuwa mfuasi wa mashine iliyotungwa na mashine, na taqlidi ya namna hiyo sisi hatukuwahi kuisikia hata kwa masheikh tuliowapinga.

Ama udhuru wa uhaba wa vifaa, hatuukubali wote. Mwaka 1843 Bibi Ada Lovelace wa Uingereza alichapisha hatua za kukokotoa namba ngumu kwa mashine ya Charles Babbage ambayo haikupata kukamilika kuundwa. Alikuwa na karatasi. Madrasa yenye ubao na chaki inaweza kufundisha algorithimu mwaka mzima kabla ya kugusa kompyuta, na pale kompyuta itakapopatikana, japo moja kuukuu, lugha ya Python na programu ya watoto iitwayo Scratch zote hutolewa bure.

Pendekezo letu kwa walimu ni hili. Muhula ujao wawapange watoto kumi kwa urefu, kwa kuwalinganisha wawili wawili walio jirani na kuwabadilisha nafasi hadi safu inyooke, huku mmoja akihesabu ni mara ngapi wamelinganisha. Hawatazidi 45. Wakiwa watoto ishirini wanaweza kufika 190, na hapo waulizwe kwa nini idadi imezidi mara nne ilhali watoto wameongezeka mara mbili tu. Wakubwa, wa kiume na wa kike, waandike hatua za mirathi kwa Kiswahili katika daftari, na mwalimu wa faraidhi akae pamoja na mwalimu wa kompyuta kuzisahihisha. Masuala mawili tuliyoyataja hapo juu yawe mtihani wao wa kwanza. Atakayetoa 49,000,000 asifelishwe. Arudishwe darsani, na sheikh aulizwe mbele yake.

Wabillahi tawfiq.