Ati SSD inaisha! Nani kawaambia?

Kuna maneno yanazunguka hapa hosteli yananikera: ati usiweke SSD, "inaisha upesi", bora diski ngumu ya kizamani. Inaisha lini, jamani?

Tupige hesabu. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500, kiwanda kinaidhamini hadi terabaiti 300 za kuandikia. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku, muvi na asainimenti zako zote, utafika huko baada ya miaka 41. Kwa laptopu ipi hiyo?

Diski ngumu ndiyo ya kuihurumia. Ndani mna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake, karibu kabisa kuigusa. Halafu wewe unaitupia mgongoni ikiwa haijazimwa, unapanda bodaboda ya Ujiji, mashimo yote yako! Kichwa kikigonga sahani, kwisha habari.

Ila hapa wabishi wana haki kidogo: diski ngumu mara nyingi hulalamika kwanza, tik tik, ukawahi kuokoa vitu. SSD inaweza kuzima ghafla tu, na kuvitoa vilivyomo ni shughuli pevu. Tena ikishachoka, usiifungie kabatini miaka bila umeme, data zinavuja.

Sasa wewe finalisti, data zako zote za dagaa wa Kibirizi ziko kwenye laptopu moja, halafu unabishana SSD na diski ngumu? Ninayo fleshi, njoo uazime leo. Lakini uirudishe!