Namba moja ya intaneti haitoshi: kwa nini mkimbizi wa Kisugu asiache laini yake

Familia nyingi za wakimbizi hapa Kisugu zina watu wao sehemu nyingi: mama yuko Bukavu, kaka yuko makazi ya Nakivale, shangazi amehamishiwa Marekani. Simu za kawaida zinaingia kwenye laini moja, pesa zinapokelewa kwenye nyingine, na WhatsApp iko kwenye namba ya tatu. Ndiyo maana huduma za intaneti zinazokusanya simu na ujumbe wote mahali pamoja zinawavutia wengi. Je, zinatufaa?

Inayojulikana zaidi ni Google Voice, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009. Mtu anapewa namba moja, na simu, SMS na ujumbe wa sauti vyote vinamfikia kwenye simu au kompyuta yake. Lakini kwa mtu binafsi huduma hiyo ni ya Marekani, na anayejiandikisha huhitaji namba ya huko. Shangazi anaweza kuitumia kukupigia, wewe huwezi kuifungua ukiwa Kampala. Ukiuziwa akaunti kama hiyo mtandaoni, kumbuka kuwa aliyeifungua anaweza kuichukua tena siku yoyote, pamoja na ujumbe wako.

Kwetu WhatsApp ndiyo imechukua nafasi hiyo. Akaunti moja hufanya kazi kwenye simu yako na vifaa vingine hadi vinne, na tangu 2023 simu za Android zinaweza kuwa na akaunti mbili. Tatizo ni kwamba inategemea vitu viwili: intaneti na namba ya laini.

Intaneti ina gharama, na inaweza kuzimwa. Julai 2018 serikali ya Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao kama WhatsApp. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na WhatsApp tu hakupatikana. Aliyekuwa na laini ya kawaida aliendelea kupiga simu.

Namba ya laini nayo ilipatikana kwa shida. Kwa muda mrefu wakimbizi wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine, kwa sababu hati zao hazikukubaliwa. Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano, UCC, iliruhusu hati za wakimbizi zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) zitumike kusajili laini. Laini yenye jina lako ni haki yako. Laini ya jirani, hata awe mwema kiasi gani, ikipotea ni yeye tu anayeweza kuirudisha, na WhatsApp yako inaondoka nayo.

Hatari kubwa iko kwenye faili lako. Ofisi inayokutafuta kuhusu hati, msaada au uhamisho hupiga namba uliyoandikisha. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huzimwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Simu hiyo ikiita kwa mgeni, miaka ya kusubiri inaweza kurudi nyuma.

Kwa hiyo unganisha mawasiliano, lakini kwa mpangilio huu:

- Chagua laini moja iliyosajiliwa kwa jina lako, na uitumie kwa WhatsApp, pesa za simu na ofisi zote.
- Itumie mara kwa mara, hata kwa simu fupi.
- Ukibadilisha namba, peleka taarifa ofisini kabla ya kuitupa ya zamani.
- Weka namba ya siri ya WhatsApp ya uthibitisho wa hatua mbili. Tarakimu sita zinazotumwa kwa SMS usimpe mtu, hata akidai ni wa shirika.
- Andika namba muhimu kwenye daftari.

Ofisi nazo zina wajibu: ziandikishe namba mbili kwa kila familia, na zisitangaze habari muhimu kwa WhatsApp peke yake. Mzee mwenye simu ya tochi naye ana haki ya kupata habari.